Vipimo vya Kufuli

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika kana kwamba mji mzima umeamka uchi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tangazo la kupunguza bei limebandikwa mlangoni, na kina mama walikuwa wakigombea majora kwa maneno matamu na viwiko vikali. Katikati ya vurugu hiyo mikono miwili ilishika kipande kimoja cha kitambaa cha zambarau, kile kinachovutika, cha mwisho dukani.

"Dada, niachie tafadhali. Nilikiona kwanza."

"Kuona si kushika, kaka."

Kaka alivuta. Kitambaa kilivutika, maana ndiyo kazi yake, lakini mkono wa dada haukusogea hata kidogo. Akavuta tena kwa mikono yote miwili. Mwenye duka akapaza sauti kwamba atakayekichana atakinunua.

"Huo ni mkono au koleo?"

"Wananiita Kufuli."

"Wanakuita, au umejiita mwenyewe?"

"Wananiita walioshindwa kufungua."

Mwanamume alimtazama vizuri. Dada alikuwa mrefu, amevaa suti ya michezo nyeupe, nywele zimesukwa zikalala kichwani, na sikio lake la kushoto lilikuwa nene na limekunjamana, sikio la mtu aliyesuguliwa sana kwenye mikeka. Hakuuliza kuhusu sikio. Hilo lilimpendeza Kufuli kuliko shati lake la bluu lililopigwa pasi, kuliko hata utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake kama kifaa cha daktari.

"Mimi ni fundi cherehani," alisema. "Niachie kitambaa nikushonee unachotaka. Kitakachobaki kiwe changu."

"Nataka kaptura ya kubana, ya kupigania. Na mafundi wote ni waongo. Leo, kesho, keshokutwa."

"Mimi ni mwongo wa aina nyingine. Nikisema Jumatano, njoo Jumanne."

Kufuli aliachia kitambaa. Hakuwa mtu wa kuachia vitu, na njiani kurudi mazoezini alijishangaa.

Kazi yake ilikuwa kupigana. Si ngumi peke yake, bali mchezo ule wa kizimbani ambamo ngumi, mateke na mieleka vyote ni halali, mlango ukishafungwa hakuna pa kukimbilia. Alikuwa amepigana mara tisa na kushinda nane, sita kati ya hizo kwa kumfunga mwenzake mkono au kumkaba kabali mpaka akapigapiga mkeka kuomba aachiwe. Ndipo lilipotoka jina. Mchezo huo humfundisha mtu kutoamini. Bega likisogea, ngumi inatokea kwingine. Jicho likitazama mguu, kinachopigwa ni kichwa. Baada ya miaka minane ya shule hiyo, Kufuli hata akisalimiwa "habari za asubuhi" alitazama kwanza mabega ya anayemsalimu.

Jumanne kaptura ilikuwa tayari. Lakini lililomteka moyo halikuwa kaptura, lilikuwa namna alivyopimwa. Fundi alipima paja la kulia, akaandika kwenye daftari lake kubwa. Halafu akapima la kushoto.

"Mbona unarudia? Umesahau hesabu?"

"Mwili hauna pacha, dada. Miguu hii imezaliwa siku moja tu, basi. Kila mmoja una mambo yake."

"Na leo mambo yake yakoje?"

"Hamsini na tano kulia, hamsini na tano kushoto." Fundi alicheka, aibu kidogo. "Sawa, wako ni pacha. Umeniharibia msemo."

Makocha na madaktari walikuwa wamempima miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza upande wa pili unasemaje. Wiki ya tatu wakawa wanakula pamoja. Wiki ya tano simu ilikuwa ikilia kabla jua halijachomoza.

"Umeamka, Kufuli wangu?"

"Nimeamka, nimekimbia, nimerudi, nimeoga. Wewe?"

"Mimi nimegeukia upande wa pili."

"Mvivu wewe. Utaoa nani?"

"Nitaoa anayekimbia. Akikimbia kwa niaba yangu, mimi nitashona kwa niaba yake."

Walikuwa hivyo miezi minane, na watu wakazoea kumwona bingwa mtarajiwa amekaa kwenye kigoda cha duka la ushonaji, akichambua vifungo kwa vidole vilivyofungwa plasta. Ndipo likaja pambano la mkanda, na pamoja nalo goti.

Lilitokea mazoezini, wiki saba kabla. Alianguka vibaya, mguu wa kushoto ukabaki nyuma, na kitu ndani ya goti kikalia. Dada yake, aliyekuwa muuguzi, alilifunga na kulikanda chumbani mwake huku akimgombeza. Kocha aliapa kutosema. Mpinzani wake, mwanamke waliyemwita Nyundo kwa mateke yake, hakutakiwa kujua. Akijua, angelipiga goti hilo mpaka kizimba kizima kisikie.

Wa tatu kujua alikuwa Fundi, na hakuambiwa na mtu. Alimpima kwa kaptura mpya ya mkanda, akapima tena.

"Hamsini na mbili," alisema polepole. "Paja la kushoto limekonda. Unaukwepa mguu huu, mpenzi. Nini kimekupata?"

Kufuli alitazama mabega yake. Yalikuwa yametulia. Akamwambia.

Wiki tatu kabla ya pambano, Kocha alimwita pembeni ya ukumbi wa mazoezi akamwonyesha simu. Kwenye video Nyundo alikuwa akipiga teke la chini, upande mmoja, mara ishirini, mara thelathini. Kila teke lilitua kwenye mguu wa kushoto wa mtu aliyesimama mbele yake.

"Huyu hajawahi kupiga chini maishani mwake," alisema Kocha. "Anajua. Kuna mtu amesema, binti yangu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kufuli alijitazama. Alikuwa amevaa kaptura ya zambarau.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kila kitu alichokuwa anakiona cha kawaida kiliota pembe. Simu ya Fundi ililia wakila mchana, akatazama jina, akatoka nje kuipokea. Aliporudi alisema, "Mteja tu." Kesho yake ikalia tena, akatoka tena. Zamani Kufuli angecheka kwamba wateja wake wana haya. Sasa alihesabu dakika.

Alhamisi alimfuata dukani bila kumwarifu. Alipovuka barabara alimwona mtu akitoka, mwanamume mwenye kipara kinachong'aa na koti la michezo jekundu. Alimfahamu. Kipara ndiye aliyekuwa kocha wa Nyundo. Kufuli alijibanza nyuma ya gari lililoegeshwa, yeye aliyezoea kuwakabili watu uso kwa uso, mpaka yule bwana akapotea kwenye kona.

"Umechoka?" Fundi alimuuliza alipoingia. "Kaa. Nikuletee maji?"

"Nani ametoka hapa sasa hivi?"

Bega la Fundi la kulia lilipanda kidogo, kidogo sana. "Mteja tu."

Kufuli alikunywa maji.

Angeweza kuuliza, lakini kuuliza ni kumpa mtu nafasi ya kudanganya vizuri. Akaamua kutega. Waliojua kuhusu goti walikuwa watatu, basi angempa kila mmoja maumivu yake, ya uongo, kisha angesubiri kuona Nyundo atagonga wapi. Moyo ulimuuma kumweka dada yake kwenye orodha, lakini akamweka.

Alimwambia Kocha kwamba jicho la kulia linaona ukungu. Kocha wa watu nusura azimie. Alitaka kumpeleka hospitali saa ile ile, na kwa siku mbili alikuwa akimwinulia vidole kila akipita, "Hivi vingapi?" Alimwambia dada yake kwamba kifundo cha mkono kimeteguka, akapewa bandeji, dawa ya kuchua na mhadhara wa nusu saa kuhusu wasichana wasiosikia.

Fundi alimwambia kwamba bega la kulia linauma. "Hata Kocha hajui," aliongeza. "Ni wewe peke yako."

Fundi aliinuka, akalitoa kwenye kiango joho jeusi alilomshonea la kuingilia ukumbini, lenye mistari ya zambarau mikononi, akakaa nalo, akaanza kufumua mshono wa bega alioumaliza jana yake.

Siku ya pambano ukumbi ulijaa tangu saa tisa alasiri. Kufuli aliingia na joho lake, watu wakapiga mbinja, na hakumtafuta Fundi kwa macho ingawa alijua amekaa mstari wa tatu. Mlango wa kizimba ulifungwa.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya goti. Teke la kwanza alilizuia, la pili alilikwepa, la tatu likatua, na maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Akamaliza raundi kwa mguu mmoja na ukaidi. Kwenye kona Kocha alimmwagia maji. "Unaona vizuri? Jicho?" aliuliza, na Kufuli akaona kwamba mzee yule anaogopa kweli. Upande wake wa kulia, ambako jicho lilisemekana halioni, Nyundo hakuwa amerusha hata ngumi moja ya kujaribu.

Raundi ya pili walishikana. Nyundo aliuacha mkono wenye kifundo cha bandeji, bandeji ambayo dada yake alilazimisha ivaliwe mpaka kwenye kupima uzito. Akaupeleka mkono wake juu, akalishika bega la kulia, akaanza kulizungusha nyuma kwa pupa, kama mtu aliyeambiwa mahali hazina ilipofukiwa.

Kwa hiyo ni yeye, Kufuli aliwaza, na kwa nukta moja alisahau yuko wapi.

Mwili haukusahau. Bega lilikuwa zima kabisa. Alimwachia Nyundo alivute, na Nyundo alipojinyoosha ili alimalize, shingo yake ikabaki bila mlinzi. Kufuli alijizungusha, akampanda mgongoni, akapitisha mkono chini ya kidevu, akafunga. Nyundo alivumilia, akavumilia, kisha akapigapiga mkeka. Walimfunga Kufuli mkanda kiunoni huku analia, na watu wakasema jamani furaha.

Fundi alipiga simu mara kumi na moja kesho yake. Ya kumi na mbili Kufuli aliipokea.

"Hongera, mpenzi wangu! Mbona uliondoka bila..."

"Uliniuza lini? Kabla ya goti au baada?"

"Nilikuuza? Kwa nani?"

"Usinichezee. Yule kipara ni mteja wako, si ndiyo? Bega la kulia. Nani mwingine duniani alijua kuhusu bega la kulia?"

Upande wa pili ilisikika cherehani ya jirani ikikimbia, ikasimama.

"Kufuli," alisema hatimaye. "Bega linaendeleaje?"

Alikata simu. Alilitupa kitandani lile jisimu, akalitazama kwa chuki. Mtu anayeweza kuuliza swali hilo kwa sauti ya upole namna ile, alijiambia, ni hatari kuliko Nyundo kumi.

Wiki tatu zilipita. Mkanda ulikaa juu ya kabati. Daktari alilipiga picha goti, akamwita ndani, akafunga mlango, akamwambia maneno ambayo Kufuli hakumpelekea mtu yeyote, maana hakuwa amebakiwa na wa kumpelekea. Dada yake alivumilia, mwisho akachoka.

"Mdogo wangu, ulimuuliza au ulimhukumu?"

"Ushahidi ninao."

"Sikukuuliza ushahidi."

Jumamosi Kufuli alilikunja lile joho, akalitia kwenye mfuko, akaenda kulirudisha. Alikuwa amepanga maneno matatu tu: chukua nguo yako.

Duka lilikuwa na watu. Fundi alikuwa nyuma, pini mdomoni, amepiga magoti akiweka upindo kwenye gauni la bibi harusi mtarajiwa. Alikuwa amekonda. Alipomwona Kufuli alitaka kuinuka, bibi harusi akapiga kelele kwa kuchomwa, Fundi akarudi chini. Kufuli akasimama kwenye meza kusubiri, pembeni ya mama mmoja mnene aliyevaa miwani na haraka.

Mama huyo alilivuta daftari kubwa kutoka kwenye kona ya meza, akaanza kulifunua kwa kidole kilicholowa mate.

"Hilo si la fundi?" Kufuli aliuliza.

"La wote, mwanangu. Humu ndimo tunamochagulia. Kila mtu ana ukurasa wake, na kila ukurasa amebandika kipande cha kitambaa. Unaona? Ukikipenda unamwonyesha, anakushonea." Akafunua tena. "Ehee! Hiki cha zambarau ndicho ninachokitaka. Shika uone kinavyovutika."

Kufuli alishika. Alikifahamu kwa ncha za vidole. Chini yake kulikuwa na mwandiko mdogo, wa kulala.

Mama akasoma kwa sauti, miwani imeshuka puani. "Kufuli. Paja la kulia hamsini na tano. La kushoto hamsini na tano, amekata, hamsini na mbili. Goti linamuuma, usibane. Bega la kulia..." Akasogeza ukurasa karibu. "Bega la kulia linauma, hataki watu wajue. Mshono uhamie nyuma, usiguse kabisa. Maskini! Huyu ni mgonjwa mwili mzima. Anashonewa nini, sanda?"

Kufuli hakucheka. Alivuka meza, akasimama mbele ya yule aliyepiga magoti.

"Kipara alikuja mara ngapi?"

Fundi alitoa pini moja moja mdomoni. "Mara tatu. Kuagiza kaptura ya Nyundo, kubadilisha kitambaa, na kuichukua. Nilikuficha, ndiyo. Walikuwa wananisumbua kwa simu, nami sikutaka jina hilo likufikie ukiwa unajiandaa. Na mteja ni mteja. Sikumwambia habari zako, na zake nisingekuambia."

"Alisimama wapi?"

"Pale mezani. Alichagua kitambaa muda mrefu sana. Nilimsifu moyoni, nikasema huyu kweli mteja makini..."

Macho yake yalikwenda kwenye daftari, kwa mama mwenye miwani, yakarudi kwa Kufuli. Akakaa sakafuni kabisa, rangi imempotea.

"Mungu wangu. Ni mimi. Ni mimi niliyewaonyesha wapi wakuvunje."

Kufuli alishuka, akakaa sakafuni mbele yake, mguu wa kushoto amenyoosha. Bibi harusi akajishikia upindo mwenyewe na kusogea.

"Na bega je?" Fundi aliuliza. "Walikuumiza? Limepona?"

Hapa ndipo ilipokuwa kazi. Kizimbani hajawahi kuogopa hivi.

"Halikuwahi kuuma."

"Halikuwahi?"

"Nilikudanganya. Niliwapa watu watatu uongo watatu, nione upi utamfikia Nyundo."

"Joho lile nililifumua mara mbili," Fundi alisema. "Mara ya kwanza nilidhani mshono bado unagusa. Nililala nalo mapajani."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unanitazama mabega." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililouma. "Miezi minane, Kufuli. Ungeniuliza swali moja."

"Ningekuuliza, na ungejibu 'mteja tu.'"

Hilo lilimpata. Aliinamisha kichwa. Halafu aliinuka, akamwomba mama radhi, akachana ukurasa wenye kitambaa cha zambarau kutoka kwenye daftari, akaukunja mara nne na kumpa mwenyewe.

"Vipimo vyako. Nenda navyo. Daftari hili halitakaa tena mezani, lifunuliwe na mtu yeyote."

Mlango ulikuwa wazi, na barabara ilikuwa pale pale. Kufuli aliutia ukurasa mfukoni pamoja na joho. Hakuondoka.

"Nina jambo," alisema kwa sauti ya chini. "Kocha halijui. Dada halijui. Hili ni la kweli. Daktari amesema goti halitapona bila kupasuliwa, na baada ya hapo mwaka mzima bila kizimba. Huenda nisirudi. Mkanda watampa mwingine. Sijui mimi ni nani nisipopigana, Fundi. Naogopa."

Mama mwenye miwani alisahau kitambaa chake. Fundi alinyoosha mkono kuelekea kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio lake, mazoea tu, kisha akaurudisha mkono bila kitu.

"Nimesikia," alisema. "Siandiki."

Kufuli akamnyooshea mkono wa kushoto, vidole vimetanuka, akakiinua kile cha karibu na cha mwisho.

"Basi pima hiki. Nacho usiandike popote."

Ilimchukua Fundi pumzi mbili kuelewa. Bibi harusi mtarajiwa alielewa mapema, akaziba mdomo. Fundi aliuvua utepe shingoni, akaona ni mpana mno, akakata uzi mweupe, akauzungusha kwenye kidole taratibu, midomo yake ikicheza kimya huku akikariri namba.

"Lete na wa kulia."

"Pete inavaliwa mkono mmoja, baba."

"Mwili hauna pacha. Lete."

Akampa. Kidole cha kulia kilikuwa kimevunjika raundi ya kwanza na kuunga vibaya, kinene kuliko mwenzake, na hakuna mtu aliyekuwa amekigundua. Fundi alikizungushia uzi bila kubana, akakariri tena, akauweka uzi mdomoni akaukata kwa meno.

"Ngapi?" Kufuli aliuliza.

Fundi alitikisa kichwa. Hata mwenye kidole hakuambiwa.